Kusomea uchapishaji ngazi ya uzamili ukiwa Uganda: mwongozo kamili mpaka kwenye ajira

Wahitimu wa fasihi, ualimu na uandishi wa habari wanaotaka kuingia katika biashara ya vitabu huanza na swali la chuo: nikasome wapi? Jibu lake lipo, na litakuja. Ila swali linalopaswa kutangulia ni kiti gani unataka kukalia ndani ya kampuni ya uchapishaji. Anayekijua kiti chake huchagua chuo bila kuhangaika. Asiyekijua husoma miaka miwili, akarudi Kampala na cheti kizuri, kisha akapanga foleni moja na wale ambao hawakwenda kokote.

Hatua ya kwanza: ijue biashara ya hapa kabla ya kujaza fomu yoyote

Uchapishaji wa Uganda unakula kwa vitabu vya shule. Fountain Publishers, iliyoanzishwa mwaka 1988, ina orodha ndefu ya vitabu vya kitaaluma na vya jumla, lakini nayo, kama MK Publishers, Baroque na kampuni zenye mizizi Kenya kama Longhorn na Moran, imeweka mguu mzito darasani. Sababu haina siri. Shule au serikali ikinunua, inanunua kwa maboksi. Riwaya inanunuliwa na mtu mmoja mmoja, tena yule aliyebakiwa na hela baada ya kodi ya nyumba. Fasihi ipo na ina watu wake: FEMRITE, jumuiya ya waandishi wanawake iliyozinduliwa mwaka 1996, imekuwa ikilea na kuchapisha waandishi kwa miongo. Lakini ukihesabu mishahara inayolipwa kila mwezi katika sekta hii, mingi inatoka kwenye kitabu cha kiada.

Kwa hiyo mtaala ndio saa ya biashara. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, vitabu vya zamani vilipitwa na wakati na kila kampuni ikawa mbioni kutafuta waandishi, wahariri na wachoraji. Anayeidhinisha maudhui ni NCDC, kituo cha taifa cha ukuzaji mitaala, kule Kyambogo. Mhariri asiyejua kusoma silabasi ya NCDC kwa makini, mada kwa mada, ujuzi kwa ujuzi, hana kazi ya kudumu hapa hata awe na uzamili wa London.

Halafu kuna Kiswahili. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha azimio la kukitumia na kukifundisha shuleni. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wake, tunajua, lakini vitabu vinahitajika, na wahariri wa Kiswahili waliolelewa Uganda ni wachache. Nasema waliolelewa Uganda kwa makusudi. Mtoto wa Masaka ataandika “habali” badala ya “habari”, na “kire” badala ya “kile”, kwa sababu katika Luganda sauti ya r hukaa baada ya e na i, na l hukaa kwingineko. Mhariri wa Dar es Salaam ataona uzembe. Wewe utaona kanuni, na utamwambia mwandishi aongeze zoezi la l na r kwenye sura ya pili. Huo ni ujuzi wa kuuza, na hakuna chuo cha Ulaya kitakachokufundisha.

Kabla hujaomba popote, tembea Nasser Road na Nkrumah Road, mitaa ya wapiga chapa pale Kampala. Ukipata mwenyeji kwenye kiwanda cha uchapaji, omba kukaa siku chache uangalie karatasi kubwa inavyopigwa chapa pande zote mbili, ikakunjwa, ikawa fungu la kurasa 16. Ukishaliona kwa macho, hutauliza tena kwa nini msimamizi wa uzalishaji anakasirika kitabu kikiwa na kurasa 132. Mafungu manane ni kurasa 128. Zile nne za ziada zinadai karatasi, muda wa mashine na kazi ya mkono, wakati mhariri angeweza kuzipunguza kwa kubana faharasa na dibaji.

Sasa viti. Kuna anayetafuta miswada na kuamua kipi kichapwe, anayehariri nakala, msanifu wa kurasa, msimamizi wa uzalishaji, mtu wa haki na mikataba, wauzaji wanaozunguka shuleni, na siku hizi mtu wa vitabu vya kidijitali. Katika kampuni nyingi za Kampala mtu mmoja anakalia viwili au vitatu kati ya hivyo, na hilo si baya kwa anayeanza.

Hatua ya pili: jiulize kama unahitaji uzamili kweli

Nitasema wazi, ingawa wanaouza kozi hawatafurahi: kama unataka kuhariri nakala au kusanifu kurasa tu, uzamili si njia ya mkato. Kozi fupi, programu ya InDesign ya kupangia kurasa, kamusi mbili nzuri na mhariri mkali wa kukusahihisha vitakufikisha mapema zaidi na kwa gharama ndogo.

Uzamili unalipa pale unapotaka kusimamia: kuchagua miswada, kusaini mikataba, kuongoza kitengo, kuendesha nyumba ya uchapishaji ya chuo kikuu, au kufundisha fani yenyewe. Unamfaa pia mwalimu aliyekaa darasani miaka kadhaa na sasa anataka kuvuka upande wa pili wa meza, kwa kuwa unampa msamiati wa biashara na watu wa kuwapigia simu. Kama tayari umeajiriwa kwenye kampuni ya vitabu, zungumza na bosi wako kwanza. Likizo ya masomo pamoja na nusu ya ada ni bora kuliko kuacha kazi halafu kuanza kuitafuta upya.

Hatua ya tatu: chagua chuo kwa kiti chako

Nyumbani, Makerere ina shule ya sayansi za maktaba na habari ya Afrika Mashariki, EASLIS, iliyoanzishwa mwaka 1963 na sasa iko ndani ya CoCIS, kitivo kikuu cha kompyuta na habari. Hapo unaweza kusoma uzamili wa sayansi ya habari na kuelekeza tasnifu yako kwenye uchapishaji. Jina la fani halitakuwa kwenye cheti, ila mada ya tasnifu na wasimamizi wako watakusemea. Faida yake kubwa ni kwamba unasoma huku unafanya kazi, ukiwa katikati ya soko lenyewe.

Kwa jirani, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret kimefundisha uchapishaji kama fani kwa miaka mingi, mpaka ngazi za juu, na wahitimu wake wamejaa katika kampuni za Nairobi. Kwa Mganda hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi. Basi la kupitia Malaba linakufikisha bila nauli ya ndege, soko unalosomea ni lile lile linalouza vitabu Kampala, na Kiswahili chako kitanyooka. Kitambulisho cha taifa kinakuvusha mpaka kama mgeni, lakini mwanafunzi anahitaji kibali cha mwanafunzi, kwa hiyo kianze mapema kupitia chuo.

Mbali kidogo, KNUST ya Kumasi, Ghana, ina idara kamili ya uchapishaji, na Pretoria nchini Afrika Kusini inafundisha fani hii hadi uzamivu. Pretoria inamfaa mwenye mwelekeo wa utafiti na majarida ya kitaaluma.

Uingereza ndiko kuna kozi nyingi zaidi: Stirling kule Scotland, inayofundisha tangu mwaka 1982, Oxford Brookes, UCL ya London, Edinburgh Napier na nyinginezo. Nyingi ni za mwaka mmoja wa mbio. Utajifunza haki za kimataifa, maonyesho ya vitabu na data za mauzo kwa kina ambacho hapa hukipati. Lakini mifano mingi darasani itatoka kwenye soko lenye maduka ya vitabu kila mtaa na takwimu za mauzo za kila wiki. Ukirudi kwenye nchi ambayo muuzaji anapakia vitabu kwenye gari kwenda Soroti na kulipwa baada ya muhula, itabidi utafsiri kila ulichojifunza.

Popote utakapopaelekea, mwandikie mratibu wa kozi barua pepe fupi yenye maswali machache: Je, kuna somo la kukokotoa gharama na bei? Kuna mafunzo kazini, na chuo ndicho kinachotafuta nafasi au ni mwanafunzi? Nani anafundisha ambaye amewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya vitabu? Wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi? Jibu la swali la mwisho likiwa la kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Hatua ya nne: pesa na karatasi

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja huko. Dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, unachagua kozi tatu, unahitaji saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Kazi ya kujitolea inahesabiwa, kwa hiyo ile miezi uliyosaidia kuhariri jarida la parokia au la chama cha waandishi, iandike na saa zake. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao upo, lakini ule wa kushirikiana na vyuo unafungamana na kozi zilizotajwa. Hakikisha kozi yako imo kwenye orodha ya mwaka huo kabla hujapoteza wiki nzima kuandika insha.

Kwa Makerere na Moi, usiishie kwenye ada iliyotangazwa. Ulizia gharama za usajili, mitihani, kuwasilisha tasnifu na kuijalidi. Na kama unasoma nje, jua kwamba NCHE, baraza la elimu ya juu, ndilo linalotambua vyeti vya kigeni kwa mwenye kutaka kuvitumia Uganda. Angalia kama chuo chako kinatambulika nchini kwake kabla ya kulipa hata shilingi.

Hatua ya tano: ombi linalosomwa mpaka mwisho

Barua nyingi za kuomba nafasi huanza na mapenzi ya vitabu tangu utotoni. Msomaji wa maombi amezisoma mia. Anza na kazi uliyoifanya na tatizo uliloliona. Linganisha: “Napenda sana kusoma na ningependa kuchangia maendeleo ya elimu,” na hii: “Nimefundisha Kiswahili kidato cha kwanza Mbale kwa kutumia kitabu ambacho mazoezi yake yanauliza mambo yasiyofundishwa kwenye sura. Nataka kujua ni wapi katika mchakato kosa hilo hupita bila kuonekana.” Ya pili inamfanya msomaji atake kukuhoji.

Ambatanisha mkoba wa kazi, yaani sampuli za ulichofanya, hata kama haujaombwa, kurasa nne au tano tu. Weka ukurasa mmoja wa mswada kabla na baada ya kuuhariri, masahihisho yakionekana. Kwa mfano, sentensi ya mwandishi: “Wanafunzi walipewa vitabu mpya ambayo zilikuwa zimefungwa na karatasi.” Yako: “Wanafunzi walipewa vitabu vipya vilivyokuwa vimefungwa kwa karatasi.” Kando andika kwa mstari mmoja kwa nini ulibadilisha. Kuandika sababu kwa adabu, bila kumdhalilisha mwandishi, ni nusu ya kazi ya uhariri. Waandishi wa vitabu vya kiada wengi ni walimu wakuu na wazee wetu, na mhariri anayemwandikia mwalimu aliyestaafu “hapa umekosea” ataupoteza mswada.

Hatua ya sita: masomo yasiyokwepeka ukiwa chuoni

Wanafunzi wengi wanatoka kwenye fasihi, hivyo wanakimbilia somo la uhariri ambalo tayari wanaliweza nusu, na kuliogopa somo la gharama. Fanya kinyume. Chukua hesabu hii ya mazoezi. Tarakimu nimezipanga ziwe rahisi, si bei za soko.

Kitabu cha kurasa 128. Gharama za mara moja, yaani uhariri, usanifu, michoro na maandalizi ya mashine, ni shilingi 6,000,000. Karatasi, wino na kujalidi ni 4,000 kwa nakala. Ukichapa nakala 1,000, kila moja imekugharimu 10,000. Ukichapa 3,000, inashuka hadi 6,000, na hapo ndipo wengi wanaposhangilia. Sasa weka bei ya 20,000. Duka linachukua asilimia 30, unabaki na 14,000. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 ya hizo, unabaki na 12,600.

Tuseme soko la kweli ni nakala 1,000. Aliyechapa 1,000 ametumia 10,000,000 na kukusanya 12,600,000, amepata faida ya 2,600,000. Aliyechapa 3,000 kwa sababu ni rahisi kwa nakala ametumia 18,000,000, amekusanya zile zile 12,600,000, na ana hasara ya 5,400,000 pamoja na stoo ya vitabu 2,000 vinavyoliwa na mchwa. Ili arudishe pesa yake tu alihitaji kuuza 1,429. Mtu anayeweza kuichora hesabu hii kwenye ubao wakati wa usaili, akaeleza pia itakavyogeuka zabuni ya shule ikipatikana, ameshawaacha wenzake nyuma.

Somo la pili ni haki na mikataba. Sheria ya hakimiliki na haki shirikishi ya Uganda ni ya mwaka 2006, na kwa kazi ya mwandishi ulinzi unadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Jifunze kusoma mkataba na kujua kipi kinatolewa: eneo gani, lugha gani, muda gani, na kama haki ya tafsiri na ya kidijitali imo au imebaki kwa mwandishi. Kampuni nyingi ndogo zina mikataba ya zamani isiyotaja kitabu cha kielektroniki kabisa. Anayeweza kuitengeneza ana kazi.

Mambo ya ofisini yatakuja yenyewe, lakini yajue: ISBN, yaani namba za utambulisho wa vitabu, hutolewa Uganda na Maktaba ya Taifa, nyingi zikianza na 978-9970 au 978-9913, na mchapishaji ana wajibu wa kuwasilisha nakala za kila kitabu kipya kwenye hazina ya taifa ya vitabu. Jifunze pia kupanga mitindo ya Word ili mswada uingie InDesign bila vurugu, na kutoa faili la EPUB, yaani la kitabu cha kielektroniki, linalofunguka kwenye simu ya bei ya chini, kwa kuwa hiyo ndiyo simu ya msomaji wako.

Hatua ya saba: mafunzo kazini na tasnifu, vifungwe pamoja

Omba mafunzo kazini kipindi ambacho kampuni zina presha: kabla ya muhula wa kwanza kuanza, au vitabu vinapokwenda kuidhinishwa. Ukienda wakati wa utulivu utapewa kupanga mafaili. Omba upitishwe idara zaidi ya moja, na usikatae siku ya kwenda na muuzaji shuleni. Ukimsikiliza mwalimu mkuu akikataa kitabu kizuri kwa sababu jalada litachanika kabla ya Pasaka, utajifunza kuhusu uzito wa karatasi ya jalada kuliko kwenye mhadhara wowote.

Tasnifu nayo iwe kitu ambacho mkurugenzi wa kampuni angelipa kukisoma. “Changamoto za uchapishaji Uganda” ni mada ya kulala. Jaribu: jinsi shule za sekondari za wilaya moja zinavyoamua kununua kitabu cha Kiswahili, nini hutokea kwa mswada kati ya kukataliwa na kuidhinishwa, kwa nini vitabu vya hadithi vya watoto vya lugha za kienyeji havichapwi mara ya pili. Utafiti unaohusu watu nchini Uganda unahitaji idhini ya kamati ya maadili, kisha UNCST, baraza la sayansi na teknolojia. Karatasi hizo zinakula muda, zianze mara pendekezo lako likipita. Kampuni zitaogopa kukuonyesha takwimu za mauzo. Waahidi kwa maandishi kwamba majina yatafichwa, na timiza.

Hatua ya nane: kuingia kazini

Nafasi nyingi hazitangazwi. Mradi ukipatikana, mhariri mkuu anapiga simu kwa watu watatu anaowajua. Kwa hiyo, ukikaribia kumaliza, waandikie wale uliofanya nao mafunzo, ukiwatumia muhtasari wa tasnifu kwa kurasa mbili na sentensi moja ya nini unaweza kuwafanyia. Hudhuria maonyesho ya vitabu ya Kampala na ya Nairobi, na ukae mpaka jioni, maana asubuhi wachapishaji wako na wateja.

Utapewa jaribio la uhariri. Jihadhari nalo. Wengi hurekebisha sarufi yote na kurudisha kwa fahari, kumbe mtego ulikuwa kwingine: maandishi yanataja mchoro wa 3 wakati uliopo ni wa 4, zoezi la sita linauliza neno lisilofundishwa, jina la mhusika limegeuka kati ya aya ya pili na ya tano. Soma mara ya kwanza kama mwanafunzi, ukijibu kila zoezi kwa penseli, kisha ndipo usome kama mhariri. Kama umetumia programu ya akili mnemba kukagua, sema, na onyesha ni wapi ulikataa mapendekezo yake. Kwa Kiswahili utayakataa mengi.

Huenda ofa ya kwanza ikawa ya mradi na si ajira ya kudumu. Ichukue, ila kubalianeni kwa maandishi: malipo ni kwa ukurasa au kwa kitabu, ukurasa ni maneno mangapi, raundi ngapi za masahihisho zimo ndani ya bei hiyo, na malipo yanatoka lini. Usikubali “baada ya kitabu kuidhinishwa”, kwa sababu tarehe hiyo haiko mikononi mwako wala mwao. Omba sehemu moja ukianza, nyingine ukikabidhi raundi ya kwanza, iliyobaki faili likienda kiwandani. Na omba jina lako liwekwe kwenye ukurasa wa hakimiliki kama mhariri. Hilo halimgharimu mtu kitu, na ndilo utakaloonyesha utakapoomba kazi inayofuata.